Mziki wa Njia ya Thika

Kila Agosti simu yangu hujaa Ulaya. Binamu yangu aliye nesi Ujerumani ameenda likizo Lisbon. Jamaa tuliyesoma naye amepanda treni kutoka Paris hadi Brussels. Wanachotuma si picha za makanisa makubwa wala minara. Wanatuma video za mtaani: mzee anapiga kodiani darajani, msichana na fidla yake kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, vijana watatu wanapiga ndoo za plastiki kama ngoma, kofia iko chini, sarafu zinalia. Watu wanasimama na kahawa mkononi, wanatabasamu, wanaendelea na shughuli zao.

Video hizo nazipenda, tena sana. Ninachobishana nacho ni maneno yanayoandikwa chini yake. Kila mara ni yaleyale: wenzetu wanajua kuishi, mtaa wao ni mziki, wetu ni kelele tu. Mimi nimekulia Ruiru na kazi yangu iko Thika. Njia hiyo naijua kwa masikio kuliko kwa macho, kwa sababu asubuhi mapema macho huwa yamefungwa. Na kadiri ninavyosoma historia ya njia hii, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hayo maneno ni ya uongo mara mbili. Kwanza, mtaa wetu umekuwa ukiimba kwa zaidi ya miaka mia moja. Pili, sehemu ya huo mziki wa Ulaya tunaoutamani ilipita hapa, na sehemu ya wetu ilienda huko.

Reli, mashamba, na wimbo uliopigwa marufuku

Ulaya inaijua Thika kwa vitu viwili: nanasi za mkebe, na kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotoka 1959 na baadaye kikatengenezewa tamthilia ya televisheni Uingereza mwaka 1981. Ruiru wanaijua kwa kahawa. Aina ya mkahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizaliwa kwenye kituo cha utafiti hapo hapo Ruiru. Kwa hivyo ukinunua kahawa ya Kenya kwenye kona ya Lisbon huku ukisikiliza mtu wa gitaa, inawezekana kabisa mji wangu uko ndani ya kikombe chako.

Lakini kabla ya nanasi, kulikuwa na reli. Mwaka 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika, ikipitia Ruiru, ili kubeba mazao ya mashamba ya walowezi: kahawa na katani. Reli ikaleta watu. Vibarua walitoka Murang'a, Kiambu, Ukambani, na baadaye Magharibi na Nyanza. Kila kundi lilikuja na nyimbo zake, na kwa kuwa kambi za vibarua hazikuwa na kumbi, nyimbo ziliimbwa njiani: kwenda shambani, kurudi kutoka sokoni, kungoja malipo mwisho wa mwezi.

Njia ilikuwa pia gazeti. Ukitoka Ruiru ukipanda kuelekea Githunguri unafika pande za Kambui, nyumbani kwa Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Wanawake walikuwa mbele, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Tarehe 16 polisi walifyatua risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walipita 20, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Wanawake wakatunga wimbo, Kanyegenyuri, ukasambaa kutoka kijiji hadi kijiji. Serikali ikaupiga marufuku.

Miaka saba baadaye ikaja Muthirigu. Mwishoni mwa 1929 wamishonari walikuwa wakiwalazimisha waumini kuapa kwamba wameacha tohara ya wasichana. Vijana wakajibu kwa wimbo wa kucheza, wenye mistari inayoongezwa papo hapo, kila mtaa ukiweka majina ya machifu na wamishonari wake. Januari 1930 nao ukapigwa marufuku, na watu wakafungwa kwa kuucheza. Upande mmoja wa ubishi huo, mila yenyewe, wengi wetu leo hatuwezi kuutetea, na ni sawa. Lakini angalia serikali ilichoogopa. Iliogopa wimbo ambao hauna mtunzi mmoja wa kukamatwa, unaotembea kwa miguu, na unaobadilika ukifika kona inayofuata. Mtu akiniambia mtaa wetu haujawahi kuwa na mziki, mimi namuuliza: mbona basi waliwahi kuufunga jela?

Kodiani

Sasa turudi kwa yule mzee wa darajani na kodiani yake. Kwa watalii wengi, hiyo ndiyo sauti ya Paris yenyewe. Nikimwonyesha nyanya yangu, hataiona Paris. Ataona harusi.

Kodiani ilitengenezwa Ujerumani na Italia, ikafika kwetu kwa walowezi, wamishonari na wauza duka, na Wakikuyu wakaichukua bila kuomba ruhusa. Kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imezaa mwomboko. Vyombo ni viwili tu: kodiani, na karing'aring'a, yaani pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Wachezaji ni wawili wawili, mwanamume na mwanamke, hatua mbili, kisha goti linakunjwa. Waliosomea ngoma hizo wanaona ndani yake walzi na ngoma za Kiskoti ambazo vijana wetu walizichungulia kwenye kumbi za wazungu wakiwa wapishi na wahudumu. Hawakuziiga jinsi zilivyo. Walichukua mkumbatio na mwendo, wakatupa ukumbi. Mwomboko ulichezwa uwanjani, kwenye vumbi, na pete ya chuma ikasikika kutoka ng'ambo ya bonde.

Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza mengine. Wanajeshi wa KAR walipelekwa Uhabeshi, Madagascar na Burma, na jeshi lilikuwa na kikosi cha kuwaburudisha. Fundi Konde, mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza wa Kenya kupata jina kubwa, alipitia kikosi hicho. Waliporudi, walirudi na gitaa, na masikio yaliyozoea rumba, na pesa kidogo za kununulia gramafoni.

Kwa hivyo video ya binamu yangu inaweza kusomwa upande wa pili. Yule mzee wa darajani na wazee wetu wa mwomboko walishika chombo kimoja, kutoka viwanda vilevile. Tofauti ni kwamba mmoja anaitwa utamaduni wa mji, na mwingine anaitwa kutumbuiza wageni wa heshima siku ya Madaraka.

Chupa ya Fanta

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya mziki wa mtaani Afrika Mashariki na Kati, na hakikutokea Kenya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville, mji wa migodi kule Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Akamkuta kijana akipiga gitaa barabarani. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Zile rekodi zilifika Ulaya na kila mahali, na mwaka 1959 Mwenda alikuja Nairobi akakaa miezi kadhaa, akiimba pia matangazo ya dawa ya Aspro. Mwenzake Edouard Masengo naye alikuja, yeye akatangaza Coca-Cola. Vijana wa Kenya wakajifunza kwao kupiga gitaa kwa vidole viwili, besi na sauti ya juu kwa wakati mmoja, mtu mmoja kama bendi nzima.

Magharibi mwa Kenya mtindo huo ukageuka kuwa omutibo, na jina la George Mukabi ndilo linalotajwa kwanza. Mukabi aliuawa 1963 akiwa bado kijana. Omutibo ulikuwa na chombo ambacho hakuna kiwanda cha Ujerumani kingekifikiria: chupa ya Fanta. Ile ya zamani, yenye mistari shingoni. Unaikwaruza kwa kipande cha chuma, inatoa mdundo mwembamba unaokata kelele zote za baa. Ukiwa na gitaa moja na chupa moja, una dansi.

Viwanda vya Thika viliajiri watu wengi kutoka Magharibi: vya ngozi, vya nguo, vya kuweka nanasi mkebe. Mtaa wa wafanyakazi ni mtaa wa vyumba vidogo na Jumapili ndefu. Gitaa ya mbao na chupa vilikuwa burudani ya bei ya chini inayowezekana, na Mkikuyu aliyepanga chumba jirani hakuhitaji kujua Kiluhya ili goti lianze kutikisika.

Na hapa ndipo Ulaya inaingia tena. Abana ba Nasery, watatu kutoka Bunyore, walikuwa wamerekodi omutibo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1989 kampuni moja ya London ikatoa mkusanyo wa rekodi zao za zamani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaalikwa Uingereza, wakapiga huko na kurekodi albamu wakiwa pamoja na wanamuziki wa Kiingereza. Wazee watatu, magitaa, na chupa ya Fanta, mbele ya watu waliolipa tikiti. Sauti iliyozaliwa barazani ikawa kitu cha kununuliwa kiti. Najiuliza ni Wakenya wangapi waliopita karibu na ukumbi huo siku hiyo, wakienda kutafuta mziki halisi wa London.

Nyimbo zilizosafiri bila wenyewe

Abana ba Nasery angalau walipanda ndege wenyewe. Nyimbo nyingi zilienda peke yake. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliimba Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka, ukaingia 20 bora za Uingereza. Malaika, ambao rekodi yake ya Fadhili William ndiyo iliyoutangaza na ambao mtunzi wake bado unabishaniwa, uliimbwa na Miriam Makeba, kisha Boney M. mwaka 1981. Hao hao Boney M. wakachukua Jambo Bwana ya Them Mushrooms wakaitoa kwa mtindo wao mwaka 1983. Inawezekana ukawa umesimama kwenye uwanja wa mji fulani Ulaya leo, mtu wa kinanda akapiga kitu kinachokufurahisha na hujui kwa nini. Sikiliza vizuri. Huenda ni chetu.

Huku nyumbani, milima iliyo juu ya Thika ilikuwa inapika mziki wake. Gatanga, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ilitoa wanamuziki wengi kuliko ukubwa wake. Daniel Kamau, DK, alitoka huko. Peter Kigia naye, na bendi yake akaiita Chania River Boys, kwa jina la mto ule ule unaoporomoka nyuma ya hoteli ya Blue Post. Mto wetu uliandikwa kwenye sahani za santuri. Hizo santuri zilirekodiwa Nairobi, zikauzwa River Road, zikarudi Thika kwa basi, zikapigwa nje ya maduka kwa spika iliyotazama barabara.

Spika hiyo ilikuwa na nguvu kuliko redio. Mwaka 1975, baada ya J.M. Kariuki kuuawa, Joseph Kamaru alitoa wimbo wa kumwombolezea, na redio ya taifa ikaunyima hewa. Santuri lakini haihitaji hewa ya serikali. Inahitaji mtu mmoja mwenye duka na moyo.

Karibu na steji ya Thika kuna mzee anayetengeneza redio na simu. Miaka ya 80 aliuza kanda. Nilimwuliza watu walikuwa wanajuaje wimbo wa kununua.

"Hawakuwa wanajua jina, mami," akaniambia. "Mtu anashuka kwa gari, anakuja hapa, ananiimbia kidogo. Hata si maneno. Anaimba tu gitaa. Ti-ri-ri, ti-ri-ri. Mimi nampatia."

"Na ukikosea, guka?"

"Anarudi kesho. Alikuwa lazima arudi, kwa sababu huo wimbo umemkaa kichwani."

Kanda pia zilileta wizi. Mtu mwenye redio mbili alikuwa na kiwanda, na mwanamuziki alisikia wimbo wake ukimpita njiani bila hata senti. Kanda ikawa CD, CD ikawa flashi, na hadi hivi majuzi ungeingia duka dogo Makongeni ukajaziwa nyimbo kwa bei ya mandazi. Mziki ulikuwa kila mahali na aliyeuimba hakuwa popote. Hiyo ndiyo gharama ya mtaa unaopenda mziki bila kuuliza jina la mwenyewe.

Mathree

Huwezi kuandika historia ya sauti za njia hii bila gari. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, na zikafurika. Punde wenye magari wakagundua jambo ambalo wenye mabasi ya London hawajaligundua hadi leo: abiria atangoja gari la pili kama lina mziki mzuri. Kufikia miaka ya 90 matatu ilikuwa disko yenye magurudumu. Wimbo mpya ulisikika kwanza ndani ya gari, kisha redioni.

Halafu ikaja Februari 2004 na sheria za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, sare. Spika nyingi zikang'olewa pamoja na michoro. Watu waliacha kufa kiasi kile njiani, na hilo si jambo dogo, siwezi kulilia spika mbele ya aliyepoteza mtu. Lakini ni kweli pia kwamba kwa muda 145 ya Ruiru na 237 ya Thika zilinyamaza kama hospitali. Sauti ilirudi polepole, kidogo kidogo, na leo nganya zinang'ara kuliko zile za zamani.

Barabara yenyewe ikabadilika. Kati ya 2009 na 2012 ilipanuliwa ikawa Superhighway, kilomita 50 hivi, na Novemba 2012 Mwai Kibaki akaifungua. Mwendo ukaongezeka na watu wakaongezeka zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Mji wangu wa kahawa ukawa mkubwa kuliko Thika yenyewe, karibu mara mbili. Na kwa kuwa hakuna anayevuka barabara kama hiyo kwa miguu akabaki mzima, daraja la waenda kwa miguu likawa mahali ambapo kila mtu lazima apite. Kila anayejua biashara anajua maana yake. Mwanamuziki anajua pia.

Hapo ndipo namkuta mama kipofu anayeimba tenzi za Kikuyu, kinanda kidogo mapajani, spika ndogo miguuni, na mtoto pembeni ameshika bakuli. Kwenye spika kumebandikwa namba ya M-Pesa iliyoandikwa kwa kalamu nene. Hatua kumi mbele, kijana ana megafoni iliyorekodiwa sauti yake mwenyewe ikiita bei ya soksi, inarudia rudia hadi inakuwa na mdundo. Chini, makanga anagonga ubavu wa gari kwa kiganja, mara mbili kwa kusimama, mara moja kwa kuondoka, na dereva anaelewa bila kugeuka. Mhubiri anapandisha sauti. Mama wa ndizi anamjibu "amina" huku akihesabu chenji. Jioni, kwenye klabu zilizo kando ya barabara, mtu mmoja anaingia na gitaa la umeme na mashine ya ngoma, anaanza mugithi.

Neno mugithi kwa Kikuyu ni treni. Wachezaji wanajipanga mmoja nyuma ya mwingine, mikono mabegani au kiunoni, wanazunguka ukumbi kama mabehewa. Mtindo huu wa mtu mmoja na gitaa ulipata nguvu miaka ya 90, na Mike Rua ni kati ya waliouvumisha. Anapiga nyimbo za Kamaru, za DK, tenzi za kanisa zilizobadilishwa maneno, hata kantri ya Kimarekani. Kila nikiona mstari huo ukizunguka meza, nafikiria 1913. Reli ililetwa kubeba kahawa ya wengine. Miaka mia baadaye wajukuu wa vibarua wanaicheza, na wao ndio abiria, na wao ndio injini.

Nani anaamua ni kelele

Sasa turudi kwenye yale maneno ya chini ya video. Je, wenzetu walizaliwa wakipenda mziki wa mtaani? Hapana. London ya karne ya 19 iliupiga vita. Charles Babbage, mwanahisabati anayekumbukwa kwa kubuni mashine ya kukokotoa, alipigana kwa miaka mingi na wapiga vinanda vya kuzungusha, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Italia. Mwaka 1864 Bunge lilipitisha sheria ya kuwadhibiti wanamuziki wa barabarani: mwenye nyumba angeweza kuwafukuza, na aliyekataa angekamatwa. Malalamiko ya wakati huo ukiyasoma leo ungedhani yameandikwa na chama cha wakaazi wa mtaa fulani wa mageti hapa Ruiru.

Kilichobadilika Ulaya si masikio. Ni utaratibu. Tangu 1997 shirika la usafiri la Paris huwapa wanamuziki mtihani wa kusikilizwa, na wanaopita, karibu 300, hupewa vibali vya kupiga kwenye njia za metro. London ilianza mpango wake kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 2003, na sehemu za kusimama zimechorwa sakafuni. Yule msichana wa fidla kwenye video ya binamu yangu huenda ana kibali mfukoni na saa zake za zamu. Tunachokiona kama uhuru wa roho ya Ulaya ni, kwa sehemu kubwa, ratiba.

Sisi tuna upande mmoja tu wa ratiba hiyo. Kanuni za mwaka 2009 zinaweka mipaka ya kelele, na Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero za umma. Ni vizuri. Mtoto analala, mgonjwa yuko dirishani, na spika ya kanisa la mabati haipaswi kumshinda daktari. Lakini sheria inayojua tu neno "kelele" haiwezi kumtofautisha mama wa kinanda na megafoni ya soksi. Siku ya msako wote wanapandishwa gari moja. Kesho yake megafoni inarudi kwa sababu inagharimu pesa kidogo. Kinanda kilichovunjika hakirudi haraka hivyo.

Kuna Mkenya mmoja anayefanya kazi Berlin ambaye amenisaidia kufikiria hili. Anaitwa KMRU, na jina lake kamili ni Joseph Kamaru. Ni mjukuu wa yule Kamaru wa santuri ya 1975. Anarekodi sauti za kawaida, magari, mvua, umati, vyuma, anazitengeneza kuwa mziki, na anasikilizwa kwenye kumbi za Ulaya. Amekuwa pia akizitoa upya nyimbo za babu yake. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, kazi iliyotumia rekodi za Kiafrika zilizo kwenye hifadhi ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Fikiria hilo taratibu. Sauti za babu zetu ziko kwenye rafu Ulaya, na mjukuu anapanda treni kwenda kuzisikiliza.

Ndiyo maana hii kwangu si mada ya kupitisha wakati. Kinachoitwa kelele hakihifadhiwi. Hakuna anayeandika tarehe ya kelele. Kanyegenyuri tunaijua kwa sababu ilikuwa kubwa kiasi cha kuogopwa. Nyimbo ndogo za njia hii, za vibarua wa katani, za Jumapili na chupa ya Fanta, nyingi zimeenda na waliozipiga. Mama wa daraja la Ruiru ana tenzi ambazo sijawahi kuzisikia kanisani. Amezitoa kwa mamake. Spika ikizimwa na yeye akirudi kijijini, hakuna jumba la makumbusho lolote, hapa wala Ubelgiji, litakalokuwa nazo.

Kaunti ikitaka inaweza kuchora miraba michache chini: daraja la Ruiru, lango la soko la Jamhuri, steji ya Thika. Itoe zamu, iweke kiwango cha sauti, na imwache mtu aimbe. Paris imefanya hivyo na haijafilisika. Lakini miraba itachukua muda, na sisi tunapita darajani kesho asubuhi. Kwa hivyo naomba kitu kidogo kwa anayepanda 145 au 237 na earphone masikioni: toa moja. Ukisikia kitu kizuri, simama kama ambavyo ungesimama Lisbon. Rekodi, ukiwa umeomba ruhusa kwanza. Tuma kitu kwa ile namba ya kalamu nene. Halafu muulize mwenyewe anaitwa nani na wimbo ameutoa wapi, na uyaandike yote mawili, pamoja na tarehe.

Mimi nimeanza daftari. Lina majina kumi na moja.